Hatua Arobaini na Mbili Kutoka Mzani

Saa mbili asubuhi, Ndunge yuko hatua ya thelathini na moja na hataki kusemeshwa.

Mgongoni amebeba gunia la mchanga uliolowa. Kamba imepita kwenye paji la uso, kiuno kimekunjika, midomo inahesabu kwa Kikamba. Nyuma yake anafuata Musila, fundi wa vyuma, akiwa na nondo ya futi kumi begani. Nyuma ya Musila yuko Gakuru, msimamizi wa ujenzi, na vigingi vyake mkononi.

Kwenye hatua ya arobaini na mbili, mama huyu wa miaka arobaini na saba anasimama. "Hapa," anasema bila kuinua kichwa. "Shimo la kwanza ni hapa."

Ni Machi 2006, pembeni mwa mji wa Kitengela. Hapa panatarajiwa jumba la ghorofa sita, na Alhamisi zege la msingi litamwagwa. Leo ni Jumanne.

Miaka kumi na miwili iliyopita palikuwa na kiwanda cha ngozi. Ndunge alifanya kazi hapo tangu 1987 kwa mshahara ambao haukuwahi kupita shilingi 1,400 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa moja: kutoa ngozi mbichi za ng'ombe kwenye mzani na kuzibeba mgongoni hadi kwenye mashimo ya chokaa zilikolowekwa. Mashimo yalikuwa tisa, yamepangwa mstari mmoja, kila moja refu kuliko mtu.

Kiwanda kilipofungwa, mashimo yalijazwa mabaki: nywele, vipande vya ngozi, majivu. Juu ikashindiliwa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Wenzake wakarudi kwao Mwala na Kangundo, wengine wakafa. Shamba likauzwa, likagawanywa, likauzwa tena.

Januari mwaka huu alipata kibarua cha kuchota maji hapa kwa shilingi 180 kwa siku. Hakupatambua. "Kila kitu kilikuwa kimebomolewa," anasema. "Na ile nyumba ya jirani imeficha Ngong. Zamani ukitoka mzani ulikuwa unalenga kilele cha pili cha ile milima, unatembea tu. Sasa unaona ukuta."

Wiki iliyopita alikuwa akifagia sakafu kuukuu ya saruji ambayo mafundi huchanganyia kokoto. Ufagio ukakwama kwenye bolti nne zilizoota kutu. Aliziangalia sana. Zilikuwa bolti za mzani.

Alimwendea Gakuru siku hiyo hiyo. "Mama Mbithi, injinia alipima," Gakuru alimjibu kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe kama wote hapa. "Alichimba mahali pawili, akapata ardhi ngumu."

"Mzee, mimi sikupima. Mimi nilibeba."

Jana walimpa nafasi. Akatembea hatua arobaini na mbili kutoka kwenye bolti, mikono mitupu, na vijana wakachimba hadi adhuhuri. Murram ngumu, chini yake mwamba. Musila alicheka hadi akajishika mbavu. "Mama Mbithi, shimo lako limehamia Isinya!"

"Cheka tu. Mimi nikibeba ngozi, wewe ulikuwa unanyonya."

Lakini usiku hakulala vizuri. Asubuhi, alipojitwika mtungi wa kwanza wa maji, alisimama katikati ya njia. Aliangalia miguu yake. Hatua zilikuwa fupi, nusu ya zile za jana.

"Hapo nikajua," anasema. "Miaka saba, hiyo njia sikuwahi kuitembea bila mzigo. Ngozi iliyolowa ni kilo thelathini."

Ndiyo maana leo aliomba gunia.

Gakuru anapigilia kigingi. Musila, bado na tabasamu la jana, anasimamisha nondo na kuipiga nyundo mara mbili, tatu. Murram inagoma. Pigo la nne, nondo inamponyoka. Inazama kama imetupwa kisimani, futi kumi zote, kisha hakuna kitu mkononi.

Kutoka kwenye tundu dogo inapanda harufu ya ngozi iliyooza na chokaa, mbichi kama ya jana. Musila anarudi nyuma akiziba pua. Gakuru anakaa chini kwenye vumbi, na suruali yake safi.

Kigingi kimesimama katikati kabisa ya mahali itakaposimama nguzo kuu ya jumba.

Abdinoor, mwenye kiwanja, anaitwa kutoka sokoni Kiserian. Ameuza mbuzi huko miaka kumi na mmoja ili ajenge hapa. Anainama, ananusa, anarudi wima taratibu.

"Mama, yako mangapi?"

"Tisa."

"Wallahi." Anatazama vyuma vilivyokwisha kufungwa. "Alhamisi hakuna zege. Endelea."

Kutoka shimo hadi shimo ni hatua tisa. Ndunge anajitwika tena. La pili, la tatu. Kila mara nondo nyingine inazama, na kila mara watu wazima wanashtuka upya, kana kwamba walitumaini amekosea. Hakuna anayecheka.

Saa kumi jioni, kigingi cha sita kinaingia chini kabisa ya ukuta wa mpaka. Ndunge anatua gunia. Anainua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kukitafuta kilele chake.

Mbele yake ni ile nyumba ya jirani, ghorofa nne, vyumba thelathini na viwili. Sare za shule zimeanikwa.

Gakuru anahesabu kwa vidole. Sita. Yanabaki matatu. Anaufuata mstari wa vigingi kwa macho hadi ukutani, halafu ng'ambo yake. "Mungu wangu," anasema.

Abdinoor tayari anakimbilia lango la jirani.

Juu, mpangaji mmoja, Jacinta, anaegemea kizuizi cha varanda. "Mama Mbithi! Mmepoteza nini huko chini siku nzima?"

"Jacinta, shuka na watoto."

"Kwani kuna nini?"

"Shuka kwanza. Nitakuambia ukiwa hapa."

Kisha anamgeukia Musila na kumwonyesha gunia lililo chini ya ukuta. "Hilo lisiguswe na mtu. Ulimwagie maji asubuhi, lisipungue uzito," anasema. "Kesho naanzia hapo. Nataka kufika la tisa."