Vidonge Vyangu na vya Dada

Nilianza kumeza dawa ya tezi ya shingo miezi mitano baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho. Siku hizo nilikuwa nasinzia juu ya cherehani, nywele zinakatika, na baridi inanipenya hata nikijifunga mablanketi mawili. Lakini Sumbawanga mwezi wa saba, nani hasikii baridi? Mume wangu alisema ni uchovu wa uzazi tu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali. Yeye alishafanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingo, miaka mingi nyuma, na tangu hapo akawa anameza kidonge kila asubuhi.

Nikapimwa damu, ikaonekana tezi imelegea. Nikapewa vidonge kama vya dada, ila vya nguvu ndogo. Daktari aliyeniandikia akahamishwa, nami nikaendelea kununua dawa kwa cheti kilekile hadi kikachakaa kwenye mikunjo. Ikapita miaka mitano. Nyumba zetu zinapakana, na kila asubuhi dada alipaza sauti toka uani kwake.

"Umemeza?"

"Nimemeza, dada."

Kisha kila mmoja alingoja nusu saa ndipo anywe uji wake wa ulezi.

Mwaka jana moyo ulianza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu. Natoka jasho, mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Nikajiuliza, hivi ni nani hasa aliyeniambia dawa hii ni ya maisha? Nilipofikiri sana nikagundua hakuna daktari aliyesema hivyo. Aliyesema ni dada. Nilitamani kuiacha kimya kimya, lakini nikikumbuka ule usingizi wa mchana naogopa.

Mwishowe nikaenda hospitali. Nilijiandaa kugombezwa. Daktari, binti wa umri wa mpwa wangu, aliniuliza dawa ilianza lini. Nilipomwambia ni baada ya uzazi, akaweka kalamu chini.

"Mama, wapo wanawake ambao tezi huyumba wakishajifungua, halafu inarudi yenyewe. Wengine hairudi. Hatuwezi kukisia. Tupime, na usiache dawa mwenyewe."

Majibu yalionyesha dawa imezidi mwilini. Akapunguza kwa nusu, nikakaa wiki sita, nikapimwa tena. Akaisimamisha kabisa. Wiki sita nyingine. Siku ya majibu sikuweza hata kukaa kwenye benchi.

"Tezi yako inafanya kazi yenyewe," akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia huku anacheka. Nilitoka pale nikajikuta natembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikisalimia kila niliyekutana naye, hata nisiowajua.

Nilimweleza dada mlangoni kwake. Akasema, "Kumbe," akaingia ndani. Nilidhani amefurahi kwa namna yake.

Mwezi na nusu baadaye uso wake ulianza kuvimba. Sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na sokoni alikouza unga wa ulezi wenzake walimkuta amesinzia kwenye kiti. Nilipoingia chumbani kumtandikia kitanda, nikaona paketi zake za dawa mezani, hazijafunguliwa.

"Dada, umeacha?"

"Wewe na mimi tumetoka tumbo moja. Kama yako si ya lazima, yangu ina ulazima gani?"

"Yangu ilikuwa imechoka tu, ikapata nafuu. Yako si waliitoa?"

Akagusa kovu lake shingoni. "Walitoa uvimbe."

Kesho yake asubuhi tukaenda wote kwa yule daktari. Alisoma karatasi za zamani ambazo dada alizitunza kwenye mfuko wa plastiki bila kuzielewa, akamwambia taratibu kwamba tezi ilitolewa yote, kwa hiyo kidonge ndicho kinachofanya kazi yake.

"Yote?" dada akauliza. "Miaka yote hii mimi nameza tu. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Hakulia. Akaniambia, "Basi sina cha kubishana nacho tena. Nilikuwa najiona mjinga kumeza dawa ya ugonjwa uliokwisha."

Alirudia dawa, daktari akimpandishia kidogo kidogo. Ilichukua zaidi ya miezi miwili uso wake kurudi kama ulivyokuwa, na mimi sikuwa na amani mpaka niliposikia anagombana na muuza dagaa wa Kipili, kule ziwani, kwa nguvu zake zote za zamani.

Mimi nimepimwa tena mwanzoni mwa mwaka huu. Tezi iko sawa. Daktari anataka kuniona mara moja kwa mwaka, maana inaweza kulegea tena, na nimekubali. Ila nikipiga miayo tu mbele ya dada, ananitazama sana, anauliza kama sisikii baridi.