Dua Mbili kwa Ng'ombe Mmoja

Mjukuu wangu aliporudi Newala kutoka chuo cha kompyuta Dar es Salaam, hata begi hajalitua, aliniuliza, "Shikamoo Bibi. Ng'ombe wako anapata joto lini?"

Nilidhani masikio yangu yamezeeka. Huyu ni mtoto ambaye alipokuwa mdogo akiona mavi ya kuku anapanda juu ya kiti. Nikamwambia ng'ombe wangu anapata joto kila wiki tatu kama ng'ombe wa watu wengine, ila kila akipandishwa hashiki mimba.

"Hashiki kabisa?"

"Hashiki."

"Vizuri sana," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo akawa mfugaji. Mimi naamka, yeye yuko zizini ameinama nyuma ya ng'ombe, anakagua chini ya mkia kama karani anayekagua mizani. Anamkatia majani. Anamnunulia maji kwa wale vijana wa baiskeli, na maji ya Newala si ya kumwagia mnyama ovyo. Basi nikazunguka mtaa mzima najisifu. Niliwaambia wenzangu waziwazi: wajukuu zenu wamesoma wakarudi na kucha ndefu, wangu amesoma akarudi na akili.

Ng'ombe yule nilimnunua wakati wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania korosho zetu. Soko lilikuwa huria, na sisi tukawa huria. Kila mtu alinunua alichokitamani: huyu bati, yule redio, mwingine mke wa pili. Mimi nikanunua mtamba wa maziwa. Maziwa yenyewe sikuyaona. Mwanangu, baba wa huyu binti, alikuwa ameshamchoka ng'ombe huyo.

"Mama," aliniambia, "huyu anakunywa maji ya ukoo mzima na hatoi hata kikombe cha chai. Msimu wa korosho ukianza hana mimba, namleta mchinjaji."

Mwanangu si mtu wa maneno matupu. Jogoo wangu aliondoka hivyo hivyo.

Siku moja nikakuta mezani kwangu, pale ninapowekea vikombe vya wageni, kompyuta imevuliwa nguo. Haina boksi, matumbo yote nje. Mjukuu wangu ananionyesha kwa bisibisi.

"Hii ni mazabodi, Bibi. Yaani ubao mama."

"Ubao bibi uko wapi?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo maana haina adabu, imelala uchi mbele za watu."

Akacheka, lakini akaendelea. Katikati kuna kitu kidogo kama biskuti, kinaitwa prosesa. Kiwandani kimepangiwa mwendo wake, kisizidi hapo. Yeye anataka kukilazimisha kikimbie kuliko kilivyopangiwa. Kikikimbia kinapata joto, joto likizidi kinakufa. Kwa hiyo lazima kipozwe kwa baridi kuliko barafu. Chuoni kulikuwa na kijana mmoja amekimbiza yake ikafika mwendo wa elfu nne na mia moja, akamwambia mjukuu wangu kwamba mtu wa kutoka Newala akimbize baiskeli ya maji.

"Sasa hiyo prosesa ikikimbia hivyo," nikamuuliza, "inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Bibi."

Watu wanalipa ada kwa mengi.

Na baridi hiyo inapatikana wapi? Hapo ndipo nilipojua kwa nini alimpenda ng'ombe wangu. Mbegu ya dume inahifadhiwa kwenye mirija, na mirija inakaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni, maji fulani ya baridi kali ajabu. Mtungi huo Newala haupo. Uko Masasi kwa Bwana Mifugo, na hauji mpaka ng'ombe apate joto.

Alipopata joto, tulijua wote. Alilia tangu alfajiri, akaacha kula, akampanda mbuzi wangu. Mbuzi mwenyewe alibaki anashangaa. Nikapiga simu Masasi, Bwana Mifugo akaja. Alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mpole, akiona mjukuu wangu mate yanampalia. Akampandisha ng'ombe kwa mrija wake, halafu binti akamwomba kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuombwa nayo chumvi, "Kaka, hayo yaliyobaki si yatapotea tu njiani?" Akampa.

Juu ya ile prosesa alikuwa amefunga kikopo kinene cha shaba alichochongewa na fundi. Akamimina. Lo! Moshi mweupe ukajaa sebule nzima, ukatoka mlangoni, ukashuka barazani kama unakwenda sokoni. Dakika haikupita, jirani yangu akaingia na kikombe, akidhani tunapika gongo ya mabibo.

"Mnapika nipa mchana kweupe, shoga, halafu hamsemi?"

"Hii siyo nipa, Mama!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Ukionja itakuunguza ulimi!"

"Nipa gani isiyounguza?" Akasogeza kikombe.

Tulimvuta wawili, mimi huku, Bwana Mifugo kule. Tulipogeuka, kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi. Baridi ilikuwa imetoa jasho, jasho likatiririka kwenye ubao mama, umeme na maji vikakutana. Binti alikaa chini kama amefiwa. Siku mbili baadaye nikakuta kopo langu la mafuta ya mgando, jipya, limefutwa mpaka kwenye kingo. Alikuwa amenunua ubao mwingine wa mtumba, akaupaka wote ili maji yasiingie. Ulikuwa unang'aa kuliko mimi siku ya harusi yangu.

Sasa sikilizeni. Wiki ya tatu ilipokaribia, nilikwenda zizini kabla jua halijachomoza, nikasikia mtu anaomba. Ni yeye, amemshika ng'ombe pembe, macho amefumba.

"Ee Mungu, naomba asiwe ameshika. Mwezi huu tu. Akishindwa mara moja tu tena, nakushukuru."

Nilimtandika kofi la mgongo mpaka ng'ombe naye akaruka.

"Mke mwenza!" Hivyo ndivyo tunavyoitana, kwa sababu marehemu babu yake ni mume wetu wote wawili. "Mimi naomba huku, wewe unaomba kule? Unamchanganya Mungu! Huyu akikosa, baba yako anamleta mchinjaji!"

"Samahani, mke mwenza. Lakini akishika, mtungi hautakuja tena."

"Na usije!"

Ng'ombe akalia siku ileile. Dua ya mke mwenza ilikuwa imetangulia ya kwangu.

Msimu ulikuwa mlangoni, wapulizaji dawa walishamaliza mikorosho. Hii ilikuwa mara ya mwisho, na mwanangu alikuja mwenyewe kunikumbusha. Bwana Mifugo alifika mchana, lakini naitrojeni ilikuwa imepungua, alikuwa amepitia ng'ombe wengine njiani. Akampima wangu, akasema bado, tusubiri jioni ndipo atashika vizuri.

Tatizo likawa hapo. Ule mtungi ukifunguliwafunguliwa baridi inapungua, na ikiisha mbegu inafia ndani. Mjukuu wangu alikuwa anauzunguka kama paka anavyozunguka dagaa. Nikaona dawa ni moja. Nikaukalia.

"Bibi, toka!" Bwana Mifugo akaruka. "Huo lazima upumue, ukizibwa utapasuka!"

Nilikuwa nimeshaanza kutoka kwa hiari yangu, maana ilikuwa imepanda kwenye khanga baridi ambayo sitaki kuielezea. Nikaenda kuchukua mchi wa kutwangia, nikakaa kando ya mtungi mpaka jioni. Mjukuu wangu akisogea, nausogeza mchi.

Ng'ombe akapandishwa kwa mrija wa mwisho. Nikasema, "Haya, sasa kalishe hilo jini lako."

Kilichobaki hakikujaza hata jagi. Binti ashike mtungi, Bwana Mifugo ashike taa, kwa hiyo kusoma namba nikaachiwa mimi, mwanafunzi wa ngumbaru. Namba nazijua. Ikaanza elfu tatu, ikapanda, naye anamimina kidogo kidogo, jasho linamtoka ndani ya baridi ile. "Elfu tatu mia tisa!" nikaita. "Elfu nne! Elfu nne na hamsini! Mimina, mke mwenza, mimina!" Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, sijui nilipandaje. "Elfu nne mia mbili!"

Kioo kikazimika. Mtungi mkavu.

"Umepiga picha?" binti akamuuliza Bwana Mifugo.

"Nilishika taa."

Akampigia simu yule kijana wa chuoni, kijana akadai picha. Nikamnyang'anya simu.

"Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba. Elfu nne mia mbili. Nimeiona mimi."

"Bibi, tunahitaji picha."

"Picha ya nini, na mimi nipo hai?"

Akakata. Hawana malezi hawa.

Basi ikawa dua mbili tena, ingawa mjukuu wangu aliapa haombi. Wiki tatu zikapita, ng'ombe kimya. Zikapita nyingine, kimya, na anatafuna majani yake kama mke wa diwani. Mwanangu hakuamini. Akaja na mchinjaji, Bwana Mifugo akaja kupima. Akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono mpaka begani.

"Ana mimba," akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka mchinjaji akarudi nyuma. Mwanangu akamgeukia binti yake, akakuta machozi yanamwagika.

"Wewe unalia nini?"

"Nalia kwa furaha, Baba."

Furaha gani! Nikamvuta pembeni, nikamfuta kwa ncha ya khanga.

"Usilie, mke mwenza. Lukuledi kuna mtu ana ng'ombe zaidi ya kumi, na kila mmoja ana joto lake."

Kilio kikakatika palepale. Akavuta kamasi, akaniuliza, "Basi la Lukuledi linaondoka saa ngapi?"