Kaseti Tatu za Papa Fundi

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilirudi Kasongo kumzika baba yangu. Jioni moja ya matanga, watu wa kanisa la maombi walileta vyombo vyao kiwanjani kwetu: magita mawili, ngoma za kizungu, spika nyeusi za kimo cha mtoto, na kinanda cha umeme kilichofungwa kwenye jenereta. Kijana wa kinanda alijaribu sauti moja baada ya nyingine, kisha akatua kwenye moja ndefu, nyembamba, kama filimbi inayopulizwa ndani ya pango. Niliacha kukoroga sombe, yale majani ya mihogo. Sauti ile niliijua. Nilikuwa sijaisikia tangu utoto wangu, na nilipoisikia mara ya mwisho ilikuwa kwenye kiwanja hicho hicho.

Shemasi wao aliniona nimesimama na mwiko mkononi, akanikaribia akitabasamu.

"Mama, vyombo vyetu viko vizuri, eeh? Hii njo muziki ya mbinguni."

Niligeukia sufuria yangu. Alikuwa kijana, hakujua alichokuwa anasema. Lakini waliojua walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanakula wali wetu, na hakuna hata mmoja aliyeangalia chini. Ndiyo maana nataka nikueleze wewe, maana kwetu hakuna tena anayetaka kuelezwa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa watu wa shamba kama wengine wote: mpunga, mihogo, karanga kidogo. Jirani yetu alikuwa fundi wa baiskeli, ambazo sisi tunaziita kinga. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitokea upande wa Bukavu, akapita Kabambare akifuata dhahabu, ikamkataa, akaja kufungua kibanda cha ufundi mbele ya nyumba yetu. Sisi watoto tulimwita Papa Fundi. Aliponunua radio ya kaseti alikuja nayo na kaseti tatu alizopewa na kaka yake aliyekuwa Bujumbura, na hizo kaseti ndizo zilizomfanya awe ndugu wa baba yangu.

Zilikuwa za kundi moja la Wazungu, vijana wa Uingereza wa zamani. Hawakupiga muziki tuliouzoea, ule wa Kinshasa ambao kiuno kinauelewa kabla ya kichwa. Wimbo wao mmoja ungeweza kujaza upande mzima wa kaseti. Ulianza na filimbi peke yake, ukaingia kinanda, gita likaja polepole kama mtu anayeuliza njia, halafu kila kitu kikageuka bila kukuonya, ukadhani ni wimbo mwingine, kumbe ni ule ule umevuka mto. Mara ya kwanza baba alicheka. Mara ya pili alinyamaza. Baada ya hapo, kila Jumapili tukitoka misa, alibeba viti vyetu mwenyewe na kuvipanga nje.

Walikuwa wanne. Baba, Papa Fundi, mwalimu wa kwaya ya parokia, na koko, mama yake baba, ambaye alidai amekaa pale kwa sababu ya kivuli tu. Mama alichemsha karanga kwenye maji ya chumvi, akazileta kwenye ungo. Kazi yangu ilikuwa mawe ya radio, yaani betri. Yalipochoka niliyaanika juu ya bati tangu asubuhi, na jua liliyatia nguvu kidogo, ya kutosha upande mmoja, mara nyingine upande na nusu. Sauti ilipoanza kuvuta miguu, Papa Fundi alinitazama tu, nami nikakimbia kuleta mengine.

Sheria ilikuwa moja: wimbo ukianza, hakuna kusema mpaka uishe. Sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza vile, hata kanisani. Mwalimu wa kwaya alifumba macho. Baba aliegemeza mkono kwenye goti, vidole vikitafuta ngoma. Mpiga ngoma wao alikuwa na mdundo uliochechemea. Ulidhani unaujua, ukaanza kumfuata kwa mguu, akakuacha njiani. Wimbo ulipoisha, mabishano yalianza, na yalikuwa matamu kuliko karanga.

"Anakosea," alisema mwalimu wa kwaya. "Kuna pigo moja anasahau."

"Hasahau," alijibu baba. "Pale kila mara analiacha. Mutu akisahau, hasahau fasi moja, pale pale, kila siku."

"Ni kama wanawake watatu wanatwanga mu kinu kimoja," alisema koko, akiendelea kuchambua mchele. "Huyu anashusha, ule anainua. Ukihesabia mutwangio mumoja tu, utapotea."

Papa Fundi alirudisha kaseti nyuma kwa kalamu, akiizungusha taratibu ili asile nguvu ya mawe, na wote wanne wakasikiliza tena wakimfikiria yule mpiga ngoma kama wanawake watatu. Siku hiyo mwalimu wa kwaya alikubali.

Hakuna aliyejua Kiingereza. Nyimbo walizipa majina yao wenyewe. Kulikuwa na Mutu wa Mulima, kulikuwa na Mvua ya Kwanza, na kulikuwa na mmoja mrefu kuliko zote ambao baba aliuita Kurudi, kwa sababu mwishoni ile filimbi ya mwanzo ilirejea imezungukwa na vyombo vyote. Kila ilipofika hapo baba na Papa Fundi waligeuka kuangaliana. Hawakutabasamu. Walitazamana tu, kama watu wawili walioona kitu kimoja kikipita. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba mama hajawahi kutazamwa hivyo, wala mimi.

Kwenye karatasi ya kaseti moja kulikuwa na picha. Vijana watano wenye nywele za mabegani, na mmoja wao amevaa kinyago chenye pembe, nadhani kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. Koko aliichukua akaisogeza karibu na macho.

"Hawa ni wanaume ao wanawake?"

"Wanaume, mama."

"Na huyu wa pembe?"

"Ye njo anaimba," alisema Papa Fundi, na wote wakacheka. Nami nilicheka. Picha ilikaa ukutani kwake, juu ya minyororo na matairi, kila mtu aliyeleta kinga akaiona.

Msimu wa mvua uliofuata, mdogo wangu wa mwisho aliugua. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunga maneno. Homa ilikuja jioni, ikaondoka, ikarudi na baridi. Baba alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alisema ni malaria, akasema pia dawa zimekwisha na barabara imekatika, tutafute kwenye maduka. Baba alizunguka mji mzima akarudi na vidonge vilivyofifia rangi. Papa Fundi alichukua kinga yake akaenda hadi Lusangi kuulizia huko, akarudi ametapakaa matope, mikono mitupu.

Siku alipokuwa njiani ndipo mjomba, kaka mkubwa wa mama, alipoleta muhubiri. Alikuwa mtu mpya mjini, mwenye sauti nzuri, suti yake imepigwa pasi kwenye mvua ile. Hakumgusa mtoto. Alisimama mlangoni akauliza ni kitu gani cha kigeni kinaingia nyumba hii.

"Kinaingia mbu," alisema baba.

Mjomba hakucheka. Alisema kila Jumapili watu hukaa hapa na kunyamaza mbele ya sauti zisizo na maana, na kwa fundi kuna picha ya mwenye pembe. Muhubiri aliomba aione. Mjomba alivuka barabara, akaibandua ukutani, akaileta. Muhubiri aliitazama muda mrefu.

"Huu njo mulango," alisema. "Mumeufungua wenyewe."

"Mutoto iko na malaria," alisema baba. "Anakosa dawa. Hakosi kitu ingine."

"Papa Mwalimu, masomo yako haitamuamsha."

Mdogo wangu alifariki mapema asubuhi, wakati majirani wanawasha moto. Papa Fundi alitengeneza jeneza dogo kwa mbao za sanduku lake la vifaa. Alipigilia misumari mwenyewe, na vifaa vyake vikabaki chini, kwenye gunia.

Tulipotoka kuzika, watu walikuwa wengi kiwanjani. Mjomba alisimama akasema kaseti zile zisipochomwa leo, atamchukua dada yake arudi naye kwao Wamaza pamoja na mtoto aliyebaki, yaani mimi, maana hataki kuja kuzika tena. Watu waliitikia. Hata mwalimu wa kwaya aliitikia, na kichwa chake kiliinama kidogo. Baba alianza kueleza. Alieleza kama darasani, mambo ya mbu, mambo ya damu, mikono yake ikichora hewani. Hakuna aliyemsikiliza. Alimgeukia mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kimefunika kichwa. Hakulia, machozi yalikuwa yamekwisha.

"Zichome," alisema. "Kama haziko kitu, zichome. Na kama ziko kitu, zichome."

Baba alitembea hadi kwenye kibanda. Nilimfuata. Papa Fundi alikuwa anamsubiri mlangoni, kaseti zote tatu amezishika.

"Fundi," alisema baba.

"Chukua, Mwalimu," alisema Papa Fundi. "Mama wa mutoto anaumia. Chukua tu."

Zilichomwa mbele ya nyumba, na muhubiri akiomba. Utepe ule ulijikunja, ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali iliyokaa kwenye nguo zetu. Watu walisema wameona pepo akitoka. Mimi niliona baba yangu amekunja mikono, na Papa Fundi ng'ambo ya barabara, amesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Ungedhani imeishia hapo. Lakini kuchoma kulithibitisha kwamba kulikuwa na kitu cha kuchoma. Watu wakaanza kusema fundi ndiye aliyeleta pepo, kwamba wale wanaotoka mbali wanakuja na mambo yao. Hawakumpiga wala kumtukana. Waliacha tu kuleta kinga zao. Mwenye pancha alisukuma hadi upande wa pili wa mji. Asubuhi moja nilimwona Papa Fundi anafunga gunia la vifaa kwenye baiskeli yake. Aliniuliza baba yuko wapi. Nilikimbia ndani. Baba alikuwa amekaa mezani, anasahihisha madaftari.

"Baba, Papa Fundi anaenda."

"Najua," alisema.

Hakutoka. Niliporudi nje baiskeli ilikuwa imekwisha kushika njia ya Kabambare. Koko peke yake alikuwa amesimama barabarani, ungo mkononi, na alipoingia ndani alimwambia baba neno moja kwa Kizimba, lugha ya kwetu, ambalo sitaliandika. Tangu siku hiyo hadi alipokufa hakukaa tena naye uwanjani.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifundisha, alilima, aliona vita ikija na kupita, hata alianza kwenda na mama kanisa la maombi, lile la yule muhubiri. Radio hatukuwa nayo tena. Mara nyingine, akisahihisha kazi za watoto, vidole vyake vilianza kupiga meza kwa ule mdundo wa kuchechemea. Halafu aliona, akaufunika mkono huo kwa mkono mwingine.

Baada ya matanga nilipanda pikipiki hadi Salamabila. Niliambiwa Papa Fundi yuko hai, anaishi kwa mwanawe anayetengeneza pikipiki za wachimbaji. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mzee mwembamba, kofia imeshuka hadi nyusi. Nilijitambulisha. Alinishika mikono yote miwili.

"Mutoto wa Mwalimu," alisema. "Mwalimu iko?"

"Tumemzika, baba."

Alivua kofia. Pikipiki zilipita, vumbi likatufunika.

"Aliniachia salamu?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nilipomtazama usoni sikuweza.

"Hapana, baba."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaniambia kwamba mwanawe alimtafutia muziki ule kwenye simu, nyimbo zote, hata zile ambazo hatukuwahi kuzipata. Alimnunulia na vile vya kuweka masikioni. Mzee alichagua ule wa Kurudi.

"Sauti ilikuwa safi sana, binti yangu. Nilisikia vitu ile radio yetu haikuweza kutoa. Ikafika pale filimbi inarudia. Nikageuka nimuangalie Mwalimu." Alifuta vumbi kwenye goti lake. "Nikazima. Sijaisikia tena."

Nilitaka kumwambia kitu. Kwamba baba alimpenda, kwamba woga si kitu sawa na kusahau. Lakini sikuwa na hakika, na yeye alikuwa amesubiri muda mrefu mno kupewa maneno ya kubahatisha. Kwa hiyo nilikaa naye kwenye benchi. Vijana walipita na muziki masikioni, kila mmoja na wake, wakitikisa vichwa kwa midundo ambayo mwenzake haisikii. Sasa una nyimbo za dunia nzima mfukoni, wala hakuna wa kukuchomea. Lakini kuwaita majirani watatu, kuwapa viti, na kunyamaza pamoja nao kwa sababu ya kitu kizuri tu, hilo sijaliona tena Kasongo wala kwingine, na waliotuzoeza kuliogopa hawajawahi kuulizwa.

Dereva wangu alipiga honi. Papa Fundi alisimama kwa shida akanisindikiza hadi barabarani.

"Usalimie mama," alisema. "Mwambie mimi sikumkasirikia. Sikumkasirikia hata siku moja."

Nilimwambia nitamfikishia salamu. Alirudi kwenye benchi lake kabla pikipiki haijaondoka, akakaa upande mmoja, akiacha nafasi ya mtu.