Mwenyekiti wa Mtaa, Mchezaji wa Akiba

Sisi tuliokulia Chang'ombe kabla ya kila mtoto kuwa na simu yake mfukoni tunakumbuka kwamba gemu ilichezwa benchini, bega kwa bega, mbele ya watu waliosubiri ukosee ili wakucheke. Vumbi la Dodoma lilitufunika hadi kope, midomo ilikuwa myekundu kwa ubuyu wa rangi, na sketi zetu za shule zilikuwa na alama ya mbao kwa nyuma. Mama akikuona katika hali hiyo hakuuliza ulikotoka. Alisema tu, "Kaoge, halafu uje tuzungumze," na kila mtu wa rika langu anajua kwamba katika mazungumzo hayo aliyezungumza alikuwa mmoja.

Benchi lenyewe lilikuwa katika kibanda cha mabati cha Mama Chiku, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Ndani palikuwa na televisheni moja yenye kisogo kikubwa, mashine moja ya gemu, na pedi mbili, yaani vile vidude vya vitufe vinavyoshikwa kwa mikono miwili. Wageni wa mtaa walidhani kibanda ni cha mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na nina hakika kwamba mpaka leo hajui mashine ile iliwashiwa wapi. Mama Chiku ndiye aliyeifungua pedi iliyokufa kwa bisibisi ya cherehani yake, akavisafisha vitufe kwa pamba na spiriti, akaifunga, nayo ikafufuka. Asubuhi, sisi tukiwa shuleni, alikuwa akicheza peke yake. Hakutuambia, lakini tulilitambua jambo hilo kutokana na jinsi alivyomfunga Kedmoni, bingwa wa wavulana, huku akiinuka katikati ya mchezo kwenda kugeuza maandazi.

"Mama, unanionea," Kedmoni alilalamika.

"Sikuonei, mwanangu. Beki yako imelala, nami nimepita polepole nisiiamshe."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mpira wa miguu, wenye timu za nchi za mbali na majina yaliyotushinda kutamka. Mama Chiku aliyachoka majina hayo. Akatafuta ndani ya mashine mpaka akapata mahali pa kuwabadilisha wachezaji, akaunda timu akaiita Chang'ombe. Mshambuliaji alikuwa kijana aliyetuuzia maji kwa mkokoteni, kwa sababu alikuwa na pumzi. Golikipa alikuwa mwalimu wa kwaya, kwa sababu ya mikono. Siku moja nilimkuta Mama Chiku ameshika tama, akiwaza kama shingo ya mwalimu iongezwe kidogo au iachwe ilivyo, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuwa nimewahi kuuona kwa mtu mzima aliye kazini. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba watu wale wa kwenye kioo hawakujileta. Kuna mtu alikaa mahali akaamua wakimbie vipi. Fikra hiyo ilinikosesha usikivu darasani kwa muda mrefu, na matokeo yangu ya hisabati ya muhula ule ni shahidi.

Sasa, wavulana walilijaza benchi tangu mchana, nasi wasichana tulisimama mlangoni tukitazama migongo yao. Lakini kibanda kilikuwa na sheria. Wazazi walikuwa wakinung'unika kwamba gemu zinaua adabu, hivyo Mama Chiku alitangaza kwamba mtu mzima akiingia, ni lazima aamkiwe. Asiyeamkia ananyang'anywa pedi, na anapewa aliyetangulia kutoa shikamoo. Sheria nzuri, na yenye mwanya. Mvulana aliyekaribia goli huwa hasikii wala haoni. Mimi na Zaituni, binti wa jirani yetu karani aliyehamia kutoka Tanga, tuliligundua hilo mapema, na tukagundua pia kwamba tunaye Bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka Haneti kuja kutibiwa macho, naye aliipenda chai ya tangawizi ya Mama Chiku kuliko dawa zote alizoandikiwa. Tulimwambia, "Bibi, kwa Mama Chiku chai imeiva." Hatukusema uongo, chai ya Mama Chiku ilikuwa imeiva saa zote. Bibi akaingia na fimbo yake, sisi tukasema "Shikamoo Bibi" kwa sauti moja, Kedmoni akabaki kimya na mpira wake, na pedi ikahama. Punde Kedmoni alianza kulalamika kwamba haiwezekani mtu mmoja kunywa chai kiasi hicho. Bibi mwenyewe aliwahurumia wachezaji waliokuwa kiooni. "Hawa wanaume wanakimbia na jua lote hili," alisema, "nani anawapa maji?"

Neema hiyo ilitishiwa Jumamosi moja. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Yona, mtu mrefu mwenye upara unaong'aa na mwendo wa kujiheshimu, aliingia kibandani alasiri. Tulimwamkia sote, hata Kedmoni. Akaitikia, kisha akasema amepokea malalamiko. Wavulana wanaweza kuendelea kwa saa maalumu, lakini wasichana wasionekane pale tena, maana si mahali pao. Akimwona msichana mmoja tu baada ya siku hiyo, kibanda kitafungwa.

Zaituni alinishika mkono mpaka ukaniuma. Hatukuwa na mahali pengine. Nyumbani kwetu palikuwa na redio, na kwao palikuwa na kaka zake.

Mama Chiku hakubishana. "Nimekusikia, Mwenyekiti. Kaa kwanza upoe, jua ni kali." Mzee Yona akaketi benchini, wavulana wakisogea kwa heshima. Kiooni palikuwa na orodha ya timu ya Chang'ombe, na picha ya kila mchezaji. Aliitazama kidogo, kisha akainama mbele.

"Huyu mwenye upara ni nani?"

"Ni wewe, Mwenyekiti. Namba tano."

"Mimi?" Akajipapasa kichwa. "Mbona amewekwa huku chini, mbali na wenzake?"

"Huko ni kwa wachezaji wa akiba."

"Akiba kwa sababu gani?"

"Kasi ndogo," Mama Chiku alisema kwa upole, kama muuguzi anayetoa majibu ya vipimo. Wavulana wote waliinua macho wakayatazama mabati ya paa.

"Nani aliyesema nina kasi ndogo? Nimekuwa winga mimi. Nenda Zuzu kaulize, wanaume wazima bado wananisimulia. Mwingize."

"Mwingize mwenyewe, baba," akasema, na kumkabidhi pedi.

Mzee Yona alicheza kwa mwili mzima. Namba tano akikata kushoto, naye aliegemea kushoto, na mstari mzima wa wavulana ukaegemea pamoja naye. Alimgonga mwalimu wa kwaya akamwangusha. Akapoteza mpira, akaupata tena, akaanza kuelekea goli la wapinzani huku ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Wakati huo nilitambua kwamba mkono wangu hauumi tena, kwa kuwa Zaituni alikuwa ameondoka. Alirudi akimtangulia Bibi.

"Shikamoo Bibi," tulisema sote, na Zaituni akatangulia kuliko wote. Mzee Yona peke yake hakusema kitu. Alikuwa amebaki yeye na golikipa wa wapinzani tu.

Mama Chiku alinyoosha mkono akaichukua pedi.

"Aa, nilikuwa nafunga!"

"Ni sheria ya kibanda, Mwenyekiti."

Akageuka na maneno makali mdomoni, akakutana na Bibi, aliyekuwa amesimama juu yake akiegemea fimbo. Aliinuka kwa kasi ambayo Mama Chiku hakuwa amempa, benchi likainama upande mmoja, na Kedmoni akateleza hadi sakafuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Yona," Bibi alijibu. "Ulikuwa mbali."

Sheria ilisema pedi apewe aliyetangulia, na Mama Chiku akampa Zaituni. Namba tano alikuwa bado amesimama mbele ya goli, mguu mmoja juu, na mwenye kumwendesha sasa alikuwa msichana. Mzee Yona alimtazama Zaituni, akamtazama namba tano, na ninaamini kwamba uamuzi wa mtaa wetu ulipimwa hapo.

"Haya, funga basi," alisema. "Usiniaibishe."

Zaituni alifunga. Mwenyekiti alikaa mpaka mechi ikaisha, na suala la wasichana hakulitaja tena, siku ile wala nyingine. Alipokuwa akitoka alimnong'oneza Mama Chiku jambo moja tu, ambalo kila mtu alilisikia: amwongezee kasi.

Leo mimi na Zaituni, na mwenzetu Neema, tunatengeneza gemu katika chumba cha kupanga hapa mjini. Yetu inahusu mchungaji anayetafuta maji wakati wa kiangazi. Zaituni huchora, na amewahi kukaa wiki nzima akirekebisha namna nundu ya ng'ombe inavyotikisika anapopanda kilima. Neema hushughulikia sauti, naye hutoka na kinasa chake kwenda Haneti kurekodi upepo, kwa sababu anaamini kwamba upepo wa mjini una kelele za watu. Mimi huandika programu, na hesabu zilizonishinda shuleni sasa ndizo zinazonilisha.

Mwezi uliopita wanafunzi wa kike wa sekondari walikuja kuijaribu gemu yetu. Tuliwapokea kwa simu za kutosha, kila mmoja na yake, nao wakaketi, wakaziba masikio kwa vipokea sauti, wakainama. Hakuna aliyewazuia mlangoni, na ndivyo tulivyotaka tangu utotoni. Lakini chumba kilikuwa kimya kama cha mtihani. Kijana wa leo akikosea, hushuhudiwa na betri yake tu. Hana wa kumcheka, wala wa kumwambia beki yake imelala. Tulitamani kuingia, nao wameingia, kila mmoja katika chumba chake mwenyewe.

Zaituni akapita akizikusanya simu, akaacha moja. Walimtazama kana kwamba amewanyang'anya chakula. Kisha mmoja akasogea, mwingine akamsukuma kwa kiwiko, wa tatu akapaza sauti, "Ng'ombe anaenda kulia huyo, wewe umelala?" na vicheko vikaanza. Mwalimu wao aliinuka kutaka kuwanyamazisha. Zaituni akamshika mkono taratibu, akamwomba asubiri kidogo.