Mkono wa Kushoto wa Sanamu

Mwanangu, siku ile upepo wa kusini ulipochafua ziwa letu ningali naikumbuka, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu hunipotea mdomoni. Nilikuwa kijana, najifunza kuchonga kwa Papa Kasongo, fundi mkali aliyekuwa na karakana karibu na bandari hapa Kalemie. Parokia ilimwomba sanamu ya mtu anayepigwa na upepo, watu wasali mbele yake kwa ajili ya wasafiri wa ziwani, naye akanipa mimi gogo nijaribu. Nilichonga nguo ikipepea hadi majirani wakaja kushangaa. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Papa Kasongo aliizunguka ile sanamu pole pole.

"Nguo inaruka muzuri," akasema. "Lakini muntu mwenyewe anasimama sawa vile anangojea misa. Upepo haumuguse. Toka hapa, wende ku ziwa."

Nilitoka nimenuna. Nje upepo ulikuwa unang'oa mabati. Ufukweni nilimkuta jirani yetu, Mama Feza. Mume wake alikuwa njiani kutoka Mpala na boti ya mahindi, na mawimbi yalikuwa yanapanda juu kuliko paa la nyumba. Kitenge kilikuwa kimemganda mwilini, amelalia upepo kwa kifua, vidole vya miguu vimezama mchangani. Kisha akaanza kuingia majini.

Nikakimbia, nikamshika mkono wa kuume. Alikuwa na nguvu, mwanangu. Alinivuta hadi maji yakanifika kiunoni, nikajua tunakwenda wote wawili. Ghafla akasimama. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Tulikaa hivyo, yeye akiliita jina la mume wake, mimi nikisali bila kujua ninachosema, mpaka wanaume wa bandari wakaja kututoa.

Boti haikurudi. Baada ya matanga nilikwenda kumtazama Mama Feza.

"Weye ulinishika mukono wa kuume," akasema. "Ule wa kushoto alikuwa nani?"

"Nilikuwa peke yangu, Mama."

"Hapana. Mwingine alikuwako. Ndiye ule alikatala niende."

Nilirudi karakanani. Niliomba gogo jipya. Safari hii nilianza na miguu, nikaizamisha, nikaulaza mwili mbele, na mkono wa kushoto nikauacha umeegemea mahali pasipo na kitu. Katekista alidhani sijamaliza, akataka tuuwekee fimbo. Papa Kasongo akamkatalia.

"Uache vile. Pale kuna muntu."

Mama Feza aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Jumapili, misa ikiisha, alikuwa akipitisha kiganja chake chini ya mkono ule, pale penye hewa tupu, kama anayemsalimia mtu. Mimi nilishindwa kutazama.

Sasa wewe nawe unachonga, na mikono yako ni myepesi kuliko yangu ya zamani. Usikimbilie kuwaonyesha watu ufundi. Nenda kwanza usimame na mwenye shida, ulowe naye, ndipo ushike tezo. Na kile usichoweza kukichonga, kiachie nafasi, usione aibu.

Mungu akulinde, mwanangu. Na siku upepo utakapokukamata, nami sipo tena kukushika mkono wa kuume, huo wa kushoto usikose wa kuushika.