Mwalimu wa Mlimani na Samaki wa Watu wa Idjwi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Vénérande Ndayisenga anachuchumaa kando ya bwawa, mwendo wa nusu saa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kuzamisha mkono majini. Kiganja kinapotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Anaguna. Maji yamekuwa mazito mno, na samaki wamepanda juu, midomo wazi.

Mgeni angedhani wana njaa. Wanafunzi wake nao walidhani hivyo mwaka jana, na hao si wageni wa samaki hata kidogo. Kaya zote kumi na moja anazozifundisha kufuga samaki zimetoka kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, Kongo.

Kichekesho ni kwamba mwalimu wao, mwenye miaka 44, ni mtu wa milima ya Ngozi, Burundi, na hajui hata kuogelea. Aliuza mitumba Kawale, Lilongwe, hadi mwaka 2023 wakimbizi walipotakiwa kurudi kambini. Ufugaji aliupata kwenye kibarua cha kuchimba mabwawa, kwacha 2,000 kwa siku, akimsumbua msimamizi kwa maswali wenzake walipokuwa wakipumzika.

"Balinicheka," anasema. "Balisema, huyu wa mlimani njo atatufundisha samaki?"

Aliyecheka kuliko wote ni Jérôme Ciza, mzee wa miaka 61, aliyevua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, tangu utotoni. Kule Kivu wavuvi huwasha taa usiku, sambaza wakapanda, nyavu zikajaa. Samaki akija juu, mvuvi anafurahi.

Basi Machi mwaka jana, Vénérande akiwa Lilongwe kutafuta vifaranga vya samaki, samaki wa bwawani walipanda alfajiri. Aliyekuwa zamu alimshukuru Mungu na kumwaga pumba za mahindi. Kumbe bwawani mambo ni mengine. Chakula kisicholiwa huoza, hewa huisha majini usiku, na alfajiri samaki hupanda kutafuta pumzi. Siku ya tatu, samaki 412 kati ya 600 walielea wamekufa.

Zamu hazikuwa zikiandikwa wakati ule, na hakuna aliyejitaja. Wengine walinong'ona kwamba jirani ametia sumu. Vénérande alikuta pumba zimechacha chini ya maji.

Mwenye shamba, Mmalawi aliyewapa kipande hicho cha bondeni, amewapa msimu mmoja wa mwisho. Wasipovuna Novemba, bwawa linafukiwa na yeye anapanda nyanya. Orpa, mama lishe wa mtaa wa Area 25, Lilongwe, ameshaahidi kununua samaki hao.

Leo zamu ni ya mzee Jérôme. Mfuko wa pumba umefungwa. Amefungulia maji mapya kutoka mferejini, amekunja suruali na kuingia bwawani, anachota maji kwa beseni na kuyarusha juu ili yachukue hewa. Vénérande anavua ndala na kumfuata. Mwandishi naye anapewa ndoo.

Saa mbili samaki wanaanza kushuka. Wamekufa watatu tu.

Mzee Jérôme anaketi ukingoni, anapangusa miguu muda mrefu, kisha anasema bila kuulizwa: "Ule mwaka, mi njo nilimwanga pumba. Beseni mbili kila asubuhi. Sikuambia muntu, nilisikia haya."

"Nilijua, mzee," Vénérande anamjibu. "Nilikuwa nangoja useme."

Mpango wake ni kuchimba bwawa la pili baada ya mavuno, kwa kaya nyingine kumi na tano za Idjwi zinazosubiri. Hatazifundisha yeye.

"Mi nikibaambia, banaona ni maneno ya mlimani. Mzee abaambie vile yeye mwenyewe aliuwa samaki. Iyo batasikia."

Mzee Jérôme anauliza kama ni lazima ataje na idadi. Vénérande anamwambia ni lazima, tena wote 412.