Mgono Juu ya Dohani

Enzi zetu, ukitaka kujua mama gani yuko jikoni, hukuuliza mtu. Ulitazama paa tu. Wenzangu mliokulia Kabondo, hapa Kisangani, miaka ya hamsini mnakumbuka: tulitoka shule matumbo yakinguruma, madaftari kichwani, tukawakuta wasichana wakubwa wanacheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, barabarani, na hatukusimama kucheza kwa sababu harufu ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukausha ilikuwa inatuvuta puani. Moshi wa kila nyumba ulitokea penye majani ya paa, madirishani, na kwanza kabisa machoni mwa mama zetu. Nyumba zote zilikuwa hivyo isipokuwa yetu. Yetu ilikuwa na dohani ya matofali, na mpaka leo nikilitaja neno hilo kifua kinanipanda.

Papa alikuwa fundi mwashi, mtu wa Kasongo, Maniema, aliyekuja Kisangani kijana na mwiko wake begani. Alijenga nyumba za Wazungu kando ya mto, zile zenye majiko ya chuma ya kuni na dohani ndefu. Watu husema kinyozi hajinyoi. Papa alijinyoa, na sababu ilikuwa macho ya mama.

Mama alizaliwa kwa wavuvi wa maporomoko ya mto, lakini mikono yake ilipenda sindano. Alidarizi vitambaa vya meza vyenye maua hata ukataka kuyanusa. Nilipofika miaka minane macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili, na kazi yangu kila jioni ikawa kumpitishia uzi kwenye tundu la sindano, kwa sababu mwenyewe alikuwa analikosa. Muuguzi wa dispensari alimtazama akamwambia bila kuzunguka: "Mama, ni moshi iko inakula macho yako. Ukiendelea kupikia ndani yake, kesho utatafuta mulango na mikono."

Mama alirudi akilia. Jumapili iliyofuata papa alianza kubeba matofali yaliyovunjika kutoka kazini, aliyopewa na msimamizi wake, mawili mawili kwenye baiskeli.

Mtaa mzima ulicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa tonton Mateso, jirani yetu aliyefanya kazi kwenye kivuko, mtu mwenye sauti ya kuita abiria wa ng'ambo. Alisimama kwenye ua wetu, mikono kiunoni, akasema: "Papa Ramazani, alors, unajengea moshi nyumba? Na watoto watalala wapi?" Papa aliendelea kupanga matofali. Sisi watoto tulikanyaga udongo wa kichuguu kwa miguu mpaka ukawa laini kama lituma, akauchanganya na chokaa. Dohani ikasimama, ikapita paa kwa urefu wa mtu mzima. Siku ya kwanza moshi ulipopanda humo, mama alikaa mbele ya moto dakika nyingi kuliko alivyohitaji, akikoroga sombe, majani ya mihogo, na kutabasamu peke yake.

Raha hiyo haikufika mwezi. Kwanza walikuja mbayuwayu na manyasi yao. Papa akapanda, akatoa kiota. Wakaja popo, wakajining'iniza humo ndani kama mlango ulikuwa umeandikwa jina lao. Halafu mvua, na mvua ya kwetu mnaijua, haina adabu: iliingia moja kwa moja ikazima moto na kujaza sufuria ya makemba, ndizi za kupika, maji meusi. Papa akakata bati la pipa, akafanya kofia nzuri, akaifunga juu. Upepo wa alasiri moja ukaing'oa. Baadaye tonton Mateso akatokea ameivaa kichwani, mchuzi wa majani unamchuruzika. "Papa Ramazani, bon, kofia yako ilikuja kunisalimia ndani ya sombe ya bibi yangu. Nimekurudishia."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama alikuwa akituambia kila siku tukirudi na nguo zimechanika. Papa naye alikuwa ameshaanza kuona ufa kwenye dohani, pale upepo ulipovuta kofia. Akaenda maporomoko kwa shemeji zake, kaka za mama, akawaomba wamsukie mgono, mtego wao wa samaki. Si wa kamba za msituni, moto ungeula, bali wa waya. Walimshangaa lakini wakausuka: mrefu, tumbo nene, na mdomoni ule mfereji wa vijiti vya waya vinavyoelekea ndani, ambavyo samaki akivipita havimruhusu kurudi. Papa aliubeba hadi nyumbani akijisikia mshindi. Akaupanda juu ya dohani, kwanza akiukata mkiani ili moshi utoke na wenyewe ukae vizuri, akaufunga imara, mdomo ukitazama mbinguni. Kwa nini mbinguni? Kwa sababu maisha yake yote mjini aliona shemeji zake wakielekeza mdomo wa mgono kule samaki anakotokea. Na popo wanatokea juu.

Ah, papa yangu! Siku tatu baadaye mama aliwasha moto na moshi wote ukamrudia usoni. Tukamtoa nje akikohoa, macho yamefura, hatambui hata mkono wangu. Ndani ya dohani kulikuwa na makelele ya ajabu. Popo walikuwa wameingia kwenye mgono kama samaki, mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kutoka. Dohani ilikuwa imejaa nyama.

Sikuwahi kumwona papa na aibu kama ile. Majirani walikuwa wamekusanyika, tonton Mateso mbele yao, ingawa siku hiyo hata yeye hakucheka. Papa akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa. "Ninaivunja," akasema. "Mama Zaina, unisamehe. Utarudia mafiga matatu." Mimi ndiye Zaina. Nilishika mguu wa suruali yake nikalia, kwa sababu nilijua mafiga matatu maana yake nini kwa macho ya mama.

Mama alijifuta uso kwa kitenge. Akainua kichwa, akabana macho yale yaliyovimba, akatazama juu kwa muda. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Papa Zaina, weye uliweka mugono kinywa juu!" akasema. "Mugono, kitu inaingia, kutoka hapana. Geuza! Kinywa iangalie moto. Ya ndani itatoka, ya inje haitaingia."

Nyundo ikashuka taratibu. Papa akamtazama mkewe kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Akapanda, akafungua waya, akaugeuza mgono, akakaza upya. Jioni ile, jua likielekea kuzama, tulikaa uani wote, majirani pia, tukaona popo wa kwanza anapenya kati ya vijiti, anatokea kwenye mkia uliokatwa, anaruka. Wa pili. Wa tatu. Watoto tulihesabu kwa kupiga makofi, na hakuna aliyerudi ndani. Kesho yake papa alifunga ile kofia ya bati juu ya mgono, akiacha nafasi upepo upite katikati ya waya bila kupata cha kung'oa, na ufa akauziba. Toka hapo, kila Januari mvua zinapopumzika, tulikanyaga udongo wa kichuguu na kuisiriba upya. Mwaka uliofuata tonton Mateso alikuja usiku? La, alikuja mchana kweupe, kofia mkononi, kuomba dohani. Na watu walipomsifu papa kwa ile yetu, alijibu vilevile kila mara, mbele ya wanaume wenzake: "Mimi nilijenga. Bibi yangu ndiye aligeuza."

Nani anasema hivyo siku hizi? Leo kijana akifunga balbu moja anaipiga picha aitume mpaka Yangambi. Kitu kikikataa mara moja kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Wajukuu zangu wanapikia makala, yaani mkaa, na dohani ya babu yao, ambayo bado imesimama, wanaiita mnara, wanajipigia picha hapo. Nimebadilisha mgono mara nyingi, shemeji wa papa wamekwisha, sasa wajukuu wao ndio wananisukia.

Mama hakuwa kipofu. Alidarizi mpaka uzee. Nami nilikulia kwenye jiko lile lile. Juzi mjukuu wangu, msichana wa miaka ishirini mwenye miwani minene ya kutazama simu, aliniletea sketi imefumuka. Alijaribu uzi mara nne, tano, akakasirika. Nikamwambia, lete hapa. Ninakaribia miaka themanini. Nilielekeza sindano kwenye mwanga wa mlango na uzi ukapita mara ya kwanza.